Mrushaji wa Brandel

Majengo, Dodoma
12 Machi 1994

Mdogo wangu Cornel,

Nyumba nzima inakusalimu, na kuku wamo. Sisi tupo, tunasukuma siku. Mvua ya mwaka huu imetuchekea tu, kisha ikaenda zake, na uwele wa Baba umegoma kiunoni. Mgongo wa Mama umepoa kidogo. Loisi wangu ameingia darasa la tano na ameanza kunijibu. Sijui amerithi wapi ulimi huo, maana mama yake ni mpole kama unavyomjua. Tangu shirika litupunguze kazini nimekuwa mtu wa soko. Nina meza yangu hapa Majengo, nauza uwele, mtama na karanga, na nimegundua kwamba ofisini walikuwa wananipotezea kipaji.

Sasa tafuta mahali ukae. Baba Mdogo Silvano amerudi.

Ndiye huyohuyo. Yule aliyepelekwa Kanada na misheni mwaka sitini na tatu, wewe hujazaliwa, akaandika miaka miwili mitatu kisha akanyamaza kama jiwe. Alishuka basi la Dar na sanduku moja, mguu anauburuta, bega la kulia limelala. Akawa anauliza sokoni walipo watu wa Mzee Nikodemo, yaani Babu yetu, wakamleta kwenye meza yangu. Kigogo chake ni kile cha bibi zetu, maneno ambayo hata Mama ameshayasahau. Nilipomwambia mimi ni Emiliana wa Eliakimu, aliniwekea mkono kichwani akakaa hivyo kwa muda mrefu, watu wanatupita na magunia yao.

Nikampeleka Msalato kwa Baba. Baba alikuwa anafunga miti ya zizi, na hakuacha kufunga. Baba Mdogo akamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa, kaka." Baba akajibu bila kugeuka, "Baba yetu alikufa. Ulikuwa wapi?" Akasema, "Kazini." "Kazi gani?" "Kurusha mpira."

Unamjua Baba. Alifunga mti mwingine, na mwingine tena, kisha akasema asiyekuwepo na lake halipo.

Tatizo ni kaburi. Baba Mdogo hataki shamba wala ng'ombe, anataka aonyeshwe alipolala Babu basi. Nawe unajua Babu alikataa kuhamia kijijini mwaka ule wa operesheni. Alifia kwenye mji wake wa zamani na huko ndiko tulikomzika, kisha tukahamishwa sote. Leo ni mahame, pori tupu, hakuna msalaba wala alama. Waliochimba wote wameshakufa, amebaki Baba peke yake anayepajua mahali. Na Baba amesema hatamwonyesha mpaka apatikane mtu wa damu yetu, aliyeona kwa macho yake, atakayeeleza huyu mtu alikuwa anafanya nini Babu alipokata roho. Barua ya Mzungu haitaki. Picha haitaki.

Picha ipo moja. Baba Mdogo aliitoa sandukuni. Amevaa kofia ya chuma yenye wavu usoni na mabega mapana kama kabati, sura huoni. Mama alidhani alikuwa askari wa kutuliza ghasia. Baba akaitazama mara moja akauliza ni mpira gani huo unachezwa mtu amevaa sufuria.

Sasa Baba Mdogo analala kwangu. Nikimuuliza habari za huko anatabasamu tu, ananisaidia kupepeta uwele. Mji aliokuwa akichezea anasema unaitwa Brandel. Wewe uko Kanada, na damu yetu unayo. Nenda kaulize. Na fanya upesi, Cornel. Usiniulize kwa nini.

Dada yako asiyekuchoka,
Emiliana


Kanada
29 Mei 1994

Dada Emiliana, shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu na Baba pia, na Loisi mwambie nikirudi nitampima huo ulimi.

Mimi nina afya, nimemaliza mitihani ya udongo na sasa nahesabu mahindi ya profesa kwenye shamba la majaribio. Baridi imeisha juzi tu. Chakula nimekizoea, isipokuwa nikilala naota mlenda. Barua yako ilizunguka wiki tano. Nadhani ilipitia kwa kila mtu kwanza. Na mimi, nisamehe, nilikaa nayo nyingine mbili kwa sababu sikuamini. Baba Mdogo kwangu alikuwa jina tu, la kututishia tusipoandika nyumbani.

Brandel ni nusu siku kwa basi kutoka hapa. Ni mji wa ngano, tambarare hadi macho yanauma, upepo kama wa kwetu mwezi wa saba ila una meno. Niliposhuka nilimwuliza mzee anayekata tiketi kama amewahi kusikia jina la Silvano Ndahani. Dada, yule mzee alivua kofia. Kisha akaniuliza, "Wewe ni nani kwake?" Nikasema mtoto wa kaka yake. Akafunga dirisha la tiketi, watu wamepanga foleni, akatoka nje kunishika mkono.

Sikiliza nikueleze mchezo wenyewe, maana bila hivyo huwezi kuelewa. Mpira wao umechongoka huku na huku kama papai dogo, na wanaushika kwa mikono. Kila upande una watu kumi na wawili, wakubwa kama milango. Nyuma ya wenzake anasimama mtu mmoja. Wao wanamwita kwotabeki, mimi nitamwita mrushaji. Kila kitu kinaanzia kwake. Mpira ukishafika mkononi mwake, majitu ya upande wa pili yanamjia kumwangusha, na wenzake wanayazuia kwa miili yao. Ana nafasi ya kuvuta pumzi mara mbili, labda tatu. Katika pumzi hizo awe ameona uwanja mzima, nani anakimbia wapi, nani atamziba nani, kisha arushe. Akikosea, anavunjwa.

Kazi hiyo Baba Mdogo aliifanya miaka kumi na mbili. Kijana wa Kigogo, Dada, aliyetoka kuchunga. Wenyeji wanasema siku hizo mtu mweusi hakupewa nafasi ile, ilisemekana hana akili ya kazi hiyo. Chuoni mkuu wa timu alimwona anatupa bonge la theluji akiwa anacheza na wenzake, akamfuata mpaka bwenini.

Mzee wa tiketi alinipeleka kwa mtu anaitwa Walter Kozak. Anauza matrekta, mtu mzito, mikono yake vidole vimepinda kila upande. Yeye ndiye aliyekuwa akidaka mipira ya Baba Mdogo. Aliniangalia usoni mpaka nikaona haya. Akasema: "Siku ya kwanza nilidhani hajui kazi. Mimi bado nakimbia, sijageuka, mpira umeshatoka mkononi mwake unakwenda mahali ambapo hakuna mtu. Nikakasirika. Kisha nikafika pale mahali, nikainua mikono, mpira ukaingia. Alikuwa anarusha mahali ambapo bado sijafika. Alijua nitakwenda wapi kabla yangu."

Akatazama matrekta yake. Akasema amedaka mipira ya watu wengine, lakini ile ya Silvano ilikuwa ikifika kama imetumwa.

Nilitembea mji ule jioni nzima peke yangu. Kuna mgahawa una picha yake ukutani, bila ile sufuria ya Baba. Ni sura yangu, Dada. Ni pua ya Baba kabisa. Mhudumu alikataa nilipie chai.

Kuna mambo mengine Kozak aliniambia, kuhusu vipigo na kuanguka. Hayo tutazungumza tukionana.

Mdogo wako,
Cornel


Majengo, Dodoma
7 Agosti 1994

Cornel wangu,

Salamu zako zimefika zikiwa moto. Mama anasema ule ushibe, uache kuota mlenda. Loisi anasema njoo umpime, hakuogopi. Hapa upepo umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, na wauza mitumba wamejaa tele; nimempata Baba Mdogo koti zuri, nadhani limetoka hukohuko kwenu, limeamua kumfuata mwenyewe.

Barua yako nimeisoma Msalato mbele ya Baba. Nilikwenda peke yangu, kisha nikaona bora nisome polepole, na palipokuwa na Kiswahili cha wasomi nikapageuza Kigogo. Baba alikuwa anamenya muhogo. Nilipofika pale Kozak anaposema alirusha mahali ambapo mtu hajafika, kisu kikasimama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Akakaa. Kisha akasema, "Ng'ombe akitoroka kuingia shamba la mtu, jiwe humtupii yeye. Ukimpiga utamvunja mguu, na baba yako atakuvunja wewe. Jiwe unalitupa mbele yake, pale anapoelekea, litue kabla hajafika, ageuke mwenyewe." Akaitazama mikono yake. "Nilimfundisha mimi. Alikuwa na miaka saba. Alilia siku nzima kwa sababu mawe yake yalikuwa yakichelewa."

Basi Cornel, mimi nikapata baridi mwilini jua likiwa utosini. Hebu fikiria. Wazungu maelfu wamesimama kushangilia, na kitu wanachoshangilia ni jiwe la Baba yetu la kuzuia ng'ombe wasile mtama wa watu. Na Baba yupo Msalato miaka yote hiyo anamenya muhogo, hajui.

Nilidhani tumeshinda. Nikasema, "Sasa Baba, twende mahame?" Akaokota kisu. "Alirusha vizuri, nimesikia. Sikuuliza kama alirusha vizuri. Nimeuliza Baba yetu alipokufa alikuwa wapi, na alifanya nini. Mtoto wa mtu hurusha mpira baba yake amelala chini?"

Simu ya maandishi ya kumpa habari ya msiba ilipelekwa kupitia misheni, mwezi wa tisa mwaka sabini na nne. Baba mwenyewe alitembea kwenda kuituma. Hakupata jibu mpaka leo. Hicho ndicho kinachomuuma, wala si kitu kingine, ingawa yeye hasemi.

Nikarudi nikamuuliza Baba Mdogo usoni. Akasema ilimfikia ikiwa imechelewa, mazishi yameshapita. Nikauliza, na baada ya hapo? Akasema, "Mtu akikosa matanga, anaona aibu kuja. Mwaka wa pili aibu imeshakua. Wa kumi huwezi kuibeba tena." Nikamwambia hayo akamwambie kaka yake. Akatikisa kichwa.

Na sasa nikuambie nilichokuficha, maana naona na wewe umenificha kitu hichohicho. Anasahau. Wiki iliyopita alitoka kwenda kununua chumvi, akakutwa amesimama karibu na stesheni, hajui nyumba iko wapi. Siku nyingine ananiita kwa jina la Mama yake. Anaamka yuko vizuri, jioni hayupo. Kichwa kile Wazungu wamekigonga sana, Cornel. Siku moja atasahau hata kwamba ana baba wa kuzuru, na Baba yetu atakuwa bado anadai jibu kwa mtu asiyekumbuka swali.

Rudi kwa huyo Kozak. Muulize mwaka sabini na nne.

Dada yako,
Emiliana


Kanada
20 Novemba 1994

Dada Emiliana, shikamoo.

Natumaini kisima hakijakauka na kwamba Mama amepata ile dawa niliyompa yule mwanafunzi wa Kondoa aliyerudi likizo. Mimi nilikuwa na mafua ya wiki tatu, yamekwisha. Theluji imeanza. Ndiyo sababu nimechelewa, barabara ya Brandel ilifungwa mara mbili, na Kozak naye alikuwa hospitali. Moyo wake una matatizo.

Nimemkuta kwake, amekaa kwenye kiti na blanketi magotini. Nikamwambia kwa nini nimekuja, nikamweleza kila kitu. Kaburi, Baba, na sharti la mtu wa damu aliyeona kwa macho. Nilidhani atacheka. Akasema, "Kaka yake ana haki." Kisha akamwita mkewe awashe mkanda wa video.

Fainali ya kombe la nchi, mwezi wa kumi na moja sabini na nne. Kwa hiyo nimeona kwa macho yangu, mwambie Baba. Sikuwepo, lakini nimeona, kama mtu anavyoona kwa dirisha.

Theluji inashuka. Brandel wako nyuma, muda umekwisha kabisa, wamebakiza mrusho mmoja. Mpira unafika mkononi mwa mtu mwembamba kuliko wote uwanjani. Najua mwendo ule, Dada. Ni mwendo wa Baba akiingia zizini, hana haraka hata kidogo. Jitu la kwanza linamkosa. La pili linamshika bega, lile la kulia, na akiwa anaanguka, mwili wote umeshalala hewani, mkono unatoka. Mpira ukapanda mpaka ukapotea kwenye theluji. Uwanja mzima ukainua macho. Kamera haikujua itazame wapi. Halafu ukashuka, na Kozak akawa amefika.

Nilipiga magoti mbele ya televisheni. Sikukusudia. Kozak alikuwa analia na mkewe ananiletea kahawa kana kwamba huwa hivyo kila siku, na labda ndivyo.

Sasa jambo lenyewe. Walipovua kofia zao kushangilia, vichwa vilikuwa vipara. Vyote, Dada. Timu nzima, pamoja na mkuu wao mwenye tumbo, vichwa vinang'aa theluji ikitua juu yake. Nikauliza ni nini hiki. Kozak akasema: "Hiyo ilikuwa bahati yetu. Ilianza na Silvano. Mwezi wa kumi asubuhi moja alikuja mazoezini amenyoa upara. Tukamtania, hakujibu. Siku ile hakula na sisi, wala siku zilizofuata, na hakucheka. Mechi ya kwanza akacheza kama mtu aliyepagawa. Tukasema huu ni uganga wa Afrika, nywele ndizo zilizokuwa zikitukosesha. Mimi nikanyoa. Wiki iliyofuata wakanyoa wote. Yeye alipoingia chumbani akatukuta tumekaa hivyo, vipara vitupu, alishika mlango. Akamfuata mtu mmoja mmoja, akaweka mkono kichwani mwake, kila mtu, mpaka wa mwisho. Hakusema neno. Tulidhani anatubariki tushinde."

Kisha Kozak akaniuliza, "Je, haikuwa hivyo?"

Nikaona nikuulize wewe kwanza. Mimi nilikuwa mtoto mdogo mwaka ule, nakumbuka tu wembe wa baridi na Mama akinishika masikio nisitikisike. Dada, nikumbushe wewe uliyekuwa mkubwa. Baba alitunyoa lini?

Cornel


Msalato
15 Januari 1995

Cornel,

Leo nakuandikia kutoka kwa Baba, nimekaa kwenye kigoda chake na yeye ameniruhusu, kwa hiyo ujue dunia imebadilika. Wote wazima. Mvua zimekuja kama mtu aliyetubu, mtama unapanda huku unautazama.

Alitunyoa baada ya maziko, mwezi wa tisa. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nywele zangu nilikuwa nazipenda. Baba alisema asiyenyoa hajafiwa.

Sikutaka kumsomea Baba mbele ya Baba Mdogo, lakini Mama aliniambia wawekwe wote chini, wamesumbua watu vya kutosha. Basi wakakaa, huyu huku na huyu kule, na mimi katikati na barua yako. Pale kwenye mrusho Baba alisogea mbele. Nilipofika kwenye vichwa nikashusha karatasi. Mama akaniambia, "Soma, utalia baadaye."

Nikasoma yote. Baba Mdogo alikuwa anatazama mlangoni.

Baba akauliza polepole, "Ulinyoa?"

"Nilinyoa."

"Na wao wakanyoa?"

"Walinyoa."

"Uliwaambia ni msiba?"

"Sikuwaambia. Niliingia nikawakuta. Kaka, niliwakuta wamekaa wameninyolea Baba, hawajui wanachokifanya. Ningesemaje? Nikawapa pole kwa mkono, mmoja mmoja."

Baba akauliza kwa nini hakuwahi kusema, tangu mwaka jana anamwuliza. Baba Mdogo akapapasa kichwa chake. "Nywele zilishaota," akasema. "Ningekuonyesha nini?"

Cornel, sijawahi kumwona Baba analia, na sikumwona siku ile pia, kwa sababu alitoka nje. Tukamsikia zizini anawasemesha ng'ombe. Aliporudi alikuwa ameshika panga na fimbo mbili, moja akampa mdogo wake.

Tulikwenda asubuhi ya pili, sisi watatu. Mahame ni vichaka vya minyaa na miiba, mimi nisingejua hata tulipita mlango wa nani. Baba alitembea kama yuko barabarani. Akasimama, akafyeka, chini pakaonekana mawe machache na jiwe la kusagia la Bibi limevunjika. Akamshika Baba Mdogo mkono akamwinamisha, maana lile goti halikunjiki vizuri. Halafu akasema na Babu kwa Kigogo, nami nakuandikia kama nilivyosikia: "Baba, nimekuletea Silvano. Amechelewa. Lakini kule alikokuwa hakukulilia peke yake. Alikulilia na watu wengi, wanaume watupu, walionyoa vichwa kwenye baridi. Hapa hatukukupa matanga makubwa namna hiyo. Operesheni haikutupa nafasi."

Tukakaa mpaka jua likawa kali. Baba Mdogo aliweka kiganja juu ya mawe akakiacha pale.

Njiani Baba akaniagiza nikuandikie. Wasalimie wale watu wote, mbukwenyi. Waambie haikuwa bahati, ulikuwa msiba, na kwamba sisi tumeupokea. Anasema mtu aliyenyoa kwa ajili ya baba yako ni ndugu, na ndugu hatafutwi siku ya kula tu.

Emiliana


Kanada
3 Oktoba 1995

Dada Emiliana, shikamoo, na shikamoo kwa wazazi wote watatu.

Nimepata barua yako ya mwezi wa nne na ya mwezi wa saba. Nimefurahi kusikia Baba Mdogo amehamia Msalato na kwamba wanachunga pamoja. Kwamba siku nyingi yeye hamtambui Loisi, hilo nililitarajia, lakini liliniuma sana.

Nawapa habari mbaya. Walter Kozak amefariki wiki iliyopita. Moyo.

Ujumbe wa Baba nilimfikishia tangu mwezi wa tatu, sikukueleza vizuri wakati ule kwa sababu sikuweza. Nilimwambia haikuwa bahati, ulikuwa msiba wa baba yake Silvano. Akapitisha kiganja kichwani, ana nywele nyeupe tele. Akasema, "Miaka ishirini nimekuwa nikisimulia kile kichwa kama kichekesho." Akataka nimfundishe kutamka jina la Babu. Alilijaribu mpaka akaliweza. Mkewe ananiambia siku za mwisho alikuwa akilitaja.

Nilikwenda kwenye mazishi. Wachezaji wenzake waliobaki walikuwepo, wazee wenye fimbo. Nami nikasimama upande wa wafiwa. Mkewe ndiye aliyeniweka.

Cornel


Msalato
12 Novemba 1995

Cornel wetu,

Poleni, na pole kwa mjane. Uchaguzi umepita, matarumbeta yamenyamaza, watu wamerudi mashambani. Mama yuko salama. Nakuandikia upesi kwa sababu kuna mtu anakwenda Dar asubuhi atakayeitia barua hii posta kubwa.

Yako ilifika Ijumaa. Nikamsomea Baba. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na wembe na bakuli la maji.

Mama alimnyoa yeye kwanza. Kisha wakaja watoto wa marehemu Baba Mkubwa Luka, hawakuuliza, wakakaa mstari. Loisi akanitazama na zile nywele zake alizosuka kwa ajili ya Jumapili, nikadhani atanijibu. Akakaa. Na mimi nikakaa, nikiwa na miaka thelathini na mitano, bado nazipenda.

Baba Mdogo alikuwa kwenye kivuli cha ghala, anatutazama kama mgeni. Alikuwa na siku mbaya tangu asubuhi, hajui jina la mtu. Baba akamfuata na bakuli, akachuchumaa mbele yake. Baba Mdogo akauliza, "Nani amekufa?"

"Walter."

"Simjui."

"Ulikuwa ukimrushia mpira," Baba akamwambia. "Ulikuwa ukiurusha mahali asipokuwepo, naye anafika."

Baba Mdogo akafikiri. Akafikiri sana, mkono wake wa kulia umefungika kidogo hewani. Halafu akainama, akampa kaka yake kichwa.

Mwambie mjane tumenyoa. Watu kumi na wanne, hapa Msalato.

Emiliana